Tiketi Moja kwa Nyumba Nzima

Watu wa Isiolo wakikaa kunywa chai hupenda kubishana ni nani aliyeliua basi la Merti. Wengine husema ni mabomu yaliyotegwa barabarani. Wengine humtaja Diwani Kiogora, na wakimtaja hutema mate pembeni. Mimi humaliza chai yangu. Nilikuwa kondakta wa basi hilo tangu siku lilipoanza hadi siku lilipokoma, na kama yuko mtu wa kulaumiwa, ni mimi.

Basi lilikuwa mali ya kansili. Lilikuwa na viti arobaini na viwili, na dirisha moja la nyuma lilizibwa kwa mbao. Jumanne tuliondoka Isiolo tukifuata msafara wa wanajeshi, kwa sababu mwaka huo wa sitini na sita kulikuwa na vita vya serikali na waasi, na hakuna gari lililothubutu kwenda peke yake. Tulilala Merti, na Alhamisi tukarudi. Nauli ilikuwa ndogo, na kansili ilijaza pengo kutoka kwenye bajeti yake. Bila pesa hizo hata petroli ya kufika Gotu, pale njiani, tusingekuwa nayo.

Dada yangu Hawo alikuwa abiria wangu. Aliolewa Korbesa, na wakati ule watu wa Korbesa walikuwa wamehamishwa na jeshi na kukusanywa Merti, ndani ya ua wa miiba wenye lango moja. Hawo alikuwa na ugonjwa wa kifua. Hospitali ya Isiolo ilimwandikia vidonge vya kumeza kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, na kila mwezi ilimbidi aje mwenyewe apimwe makohozi ndipo apewe vingine. Akija alilala kwangu, mtaa wa Chechelesi mjini Isiolo, kuanzia Alhamisi hadi Jumanne, kwa sababu pasi yake ya kusafiri haikuruhusu hata siku moja zaidi, na wanawe walibaki Merti na mama mkwe. Alikuwa ameanza kunenepa kidogo. Nilianza kumzoea akicheka tena bila kushika ubavu.

Sasa niseme kosa langu. Sisi Waborana hatumuulizi mtu ana watoto wangapi, wala hatuwanyooshei watu kidole tukasema huyu mmoja, huyu wa pili. Ukiwahesabu watu ni kama unataka wapungue. Mimi nililelewa hivyo, na sikuona kwa nini nilitupe jambo hilo eti kwa kuwa nimevaa kofia ya kansili. Baba akipanda na warra wake, yaani watu wote wa nyumba yake, nilikata tiketi moja na kupokea nauli moja. Wangeweza kuwa watatu, wangeweza kuwa tisa, sikuangalia. Kitabu cha sheria kilisema kila mtu na tiketi yake. Nilikuwa nimekisoma, na nilikiweka chini ya kiti cha dereva.

Tena mjue hali ya Merti. Asubuhi wanajeshi waliwapanga watu mistari na kuwahesabu. Jioni wakawahesabu tena. Kwenye kizuizi cha barabarani kila abiria alishuka na kuhesabiwa kichwa kwa kichwa. Ndani ya basi langu tu ndimo mtu alimoketi bila kuwa nambari, na mimi jambo hilo nilijivunia, mjinga mimi. Dereva wetu Nanok, Mturkana asiyependa maneno mengi, alinionya mara mbili.

"Guyo, hiyo tiketi yako itatuletea shida," alisema.

Nikamwambia aendeshe gari.

Mwezi wa Juni kansili ilikaa kupitisha bajeti. Kikao kilikuwa wazi, kwa hiyo raia walijaa kwenye mabenchi ya nyuma, na bati la paa lilikuwa moto kiasi kwamba watu walijipepea kwa chochote walichoshika. Mweka hazina, Bwana Mbaabu, alisimama na karatasi zake. Alikuwa Mmeru wa kutoka kule juu milimani, mtu wa haki, macho mekundu kwa kukesha na hesabu. Alisoma mambo ya visima, mishahara, na choo cha soko. Kisha akafika kwenye basi.

"Tumepitia vishina vya tiketi vya mwaka mzima," alisema. "Kila safari, kwa wastani, basi imebeba watu kumi na moja. Viti ni arobaini na mbili. Tunatoa shilingi elfu kumi na nne kwa mwaka."

Benchi zikanung'unika. Diwani Kiogora akanyanyuka. Alikuwa na duka karibu na soko, na mwezi wa tatu mdogo wake alikuwa amepigwa risasi kwenye barabara ya Meru akileta miraa. Tangu siku hiyo alikuwa akizungumza polepole, mtu aliyechoka kabisa.

"Mwenyekiti, mimi sina ubaya na watu wa Merti," alisema. "Lakini tunalipia petroli ya kubeba upepo. Mimi naomba seng'enge ya kuzunguka soko, na taa mbili. Ni hiyo tu. Akina mama wanauza wakiangalia nyuma. Pesa ya hiyo basi inatosha seng'enge na inabaki."

"Upepo gani?" Godana, diwani wa Merti, hakungoja aitwe. "Mimi mwenyewe nimekuja hapa na hiyo basi nikiwa nimesimama, na mbuzi ya mtu imekalia mguu yangu. Inajaa, Kiogora. Inajaa mpaka mlango haifungi."

"Diwani, mimi nasoma karatasi," Mbaabu alisema.

"Basi soma karatasi ya askari. Pale kizuizi wanatuhesabu kila safari. Waulizeni."

Mwenyekiti alisugua uso. Alisema wameshauliza, na wamejibiwa kwa barua kwamba daftari la kizuizi ni la usalama, haliwezi kufunguliwa na raia. Kwa hiyo idadi kamili ya abiria wangu ilikuwepo, imeandikwa kwa kalamu ya serikali, mwendo wa robo saa kutoka pale tulipoketi, na kansili haikuruhusiwa kuitazama. Hakuna aliyeshangaa. Miaka ile tulikuwa tumeacha kushangaa.

Mama mmoja muuza nyanya, Gatakaa, aliomba kusema kutoka benchi la nyuma. "Habari zenu. Mimi sina mtu Merti. Lakini hiyo basi ikikuja Alhamisi, Ijumaa nauza, isipokuja sinunuliwi. Hiyo seng'enge mnaniwekea nilinde nyanya gani?"

Watu walicheka, hata Kiogora akatabasamu. Lakini Mwenyekiti akaita kura, na nikatazama nyuso za madiwani mmoja baada ya mwingine, nikaona basi linatupotea. Nikamwona Hawo kwenye lango la Merti ameshika pasi yake. Nikasimama, kofia mkononi.

"Mimi ndiye kondakta," nikasema. "Hizo tiketi si za watu. Ni za nyumba. Nyumba moja, tiketi moja."

Kelele zikazuka. Mtu mmoja akasema huo ni wizi. Mbaabu akainua mkono.

"Hajaiba," alisema. "Pesa na tiketi zinalingana mpaka senti. Shida ni kuwa amekataa kuhesabu." Akanigeukia, na hakukuwa na hasira usoni mwake, uchovu tu. "Guyo, Alhamisi iliyopita abiria walikuwa wangapi?"

"Walijaa."

"Kujaa si nambari."

"Najua, bwana. Lakini walijaa."

Hapo ningeweza kutaja nambari yoyote. Ningesema thelathini na nane, arobaini, na mambo yangeisha pale pale. Nilifungua mdomo na nambari haikutoka, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tano, na niliogopa kulitamka neno moja ambalo lingemsaidia dada yangu.

Mbaabu akamwomba Mwenyekiti aiahirishe kura kwa wiki mbili. Akasema atatuma karani wake, Kinanu, apande basi safari moja ahesabu abiria kwa macho yake na kuweka sahihi. Idadi ikiwa ya kuridhisha, yeye mwenyewe ataitetea ile pesa. Godana alinipiga bega tukitoka, akaniambia tumeshinda. Nami niliamini.

Kinanu alikuwa msichana mpole wa Kimeru, amevaa sweta ingawa jua liliwaka, na daftari lake lilikuwa na jalada jeusi. Njia nzima ya kwenda Merti hakulalamika vumbi. Alhamisi asubuhi basi lilijaa kama kawaida. Hawo alikuwa ameketi nyuma ya dereva. Kulikuwa na watoto mapajani, na magunia, na mzee Dima na warra wake wote kwenye viti vitatu vya kati. Kinanu alisimama mlangoni, akafungua daftari, akatoa kalamu. Akaanza mbele, akisogeza midomo.

Mzee Dima akaniita kwa Kiborana. Akauliza yule msichana ni wa nani.

"Wa kansili, abba."

"Anaandika nini?"

"Watu."

Mzee akaitazama ile kalamu muda mrefu. "Leo tumeshahesabiwa," alisema. Akachukua fimbo yake, akasimama, na nyumba yake yote ikasimama pamoja naye. Wakashuka.

Nilimfuata hadi chini. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya basi, kwamba msichana hataki majina, anataka idadi tu, na bila idadi basi litaondolewa. Nikasema ni kwa faida yao wenyewe. Nilipolisema nikajua nimeharibu, kwa maana neno hilohilo ndilo waliloambiwa siku ya kuhamishwa kutoka Korbesa. Nyuma yangu wengine walikuwa wakishuka. Hakuna aliyepiga kelele wala kunitukana. Walishusha magunia yao, wakafunga watoto migongoni, wakarudi kwenye lango wakiwa na pasi zao ambazo walizingoja wiki nzima.

Tulipoondoka, waliobaki walikuwa mwalimu na mkewe, wachuuzi wawili wa miraa, akina mama wanne wenye miadi hospitali, na Hawo. Hao niliwahesabu. Nilikuwa nimekwisha kuanza, sikuona faida ya kujizuia. Tisa.

Tulipovuka Gotu, Kinanu alinigeukia. Alikuwa amelifunga daftari na kulikalia.

"Kaka Guyo," alisema, "niambie nambari."

"Umeiona mwenyewe."

"Mimi niliona watu wakipanda. Kushuka sikuona, nilikuwa naangalia kalamu yangu." Akatazama nje. "Mama yangu pia hahesabu watoto wake. Niambie nambari, niandike."

Nikamtazama Hawo. Alikuwa amesikia, na aligeuza uso dirishani ili asinilazimishe. Kikohozi kilimshika kidogo, kikapita.

"Arobaini na moja," nikasema.

Kinanu akaandika, akaweka sahihi.

Kwenye kikao cha pili Mbaabu aliisoma idadi ile na kuitetea kama alivyoahidi. Mabishano yalichukua mchana mzima. Mmoja alitaka pesa zigawanywe nusu kwa nusu, mwingine akauliza nusu basi huendeshwa vipi. Mwishowe Kiogora akasimama. Akasema yeye si mtu wa kukataa ushahidi, na kama abiria ni wengi hivyo, ataunga mkono, kwa sharti moja.

"Wakiwa wengi namna hiyo, wajulikane," alisema. "Kila mtu na tiketi yake, na jina yake kwa orodha, na kopi iachwe pale kizuizi. Mimi nimezika ndugu. Nina haki ya kujua nani anatembea."

Sharti likapita, na pesa za basi zikapita kwa kura moja. Watu wa Merti waliokuwa mjini walipiga makofi. Godana alinikumbatia hadi kofia ikaanguka. Nilijua pale pale maana ya orodha, kwa kuwa nilikuwa nimeona walivyoikimbia kalamu ya msichana asiye na bunduki. Ilinipasa nisimame niseme arobaini na moja ilikuwa ya uongo, na kwamba wakiandika majina watapata tisa, kisha watapata wachache zaidi. Lakini ningemfukuzisha Kinanu kazi, na mimi mwenyewe pia, na basi lingekufa siku hiyohiyo. Nikaiokota kofia, nikaketi.

Kuanzia Julai nilikata tiketi kwa kila kichwa na kuandika majina. Niliuliza, "Jina? La baba? La babu?" kama polisi. Mwezi wa kwanza walipanda wale wenye shida kubwa. Agosti vijana wawili walioandikwa kwenye orodha yangu waliitwa kuhojiwa, wakakaa siku nne, wakarudi. Hawakupigwa, walisema, waliulizwa tu. Ikatosha. Walikuwa wameandikwa kwa mwandiko wangu, na kila mtu Merti aliujua mwandiko wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia barua zao. Baada ya hapo nilipofungua mlango pale langoni watu walinisalimu vizuri, salaam aleikum, wakanijulia hali, wakabaki walipo.

Gatakaa aliacha kuleta nyanya siku ya Ijumaa. Nanok aliendesha basi tupu akiimba peke yake kwa Kiturkana, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba alinionya. Ningefurahi kama angenikumbusha.

Oktoba Mbaabu aliniita ofisini. Alikuwa na vishina vyangu mezani, safari hii vya kweli kabisa, kila kimoja mtu mmoja. Alhamisi iliyopita abiria alikuwa mmoja, na jina lake liliandikwa, na la baba yake lilikuwa ndilo la baba yangu.

"Sina la kusema tena, Guyo," alisema. "Wamehamisha hiyo pesa. Mwisho wa mwezi."

Nikamwambia naelewa. Kiogora nilimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta. Sikutaka kusimama, lakini alinishika mkono.

"Pole," alisema. "Lakini hata wewe umeona. Ilikuwa inabeba upepo kweli."

Nikautoa mkono wangu. Alikuwa ameweka sharti lake kwa machungu ya ndugu yake, nami nilikuwa nimesema uongo kwa ajili ya dada yangu, na wote wawili tulikuwa tumefika mahali pamoja.

Jumatatu ya mwisho nilimpeleka Hawo hospitali mwenyewe. Nesi alitazama kadi, akaona imebaki miezi saba. Nikamwomba atoe vidonge vya miezi yote saba. Alisema haruhusiwi, mwisho ni miezi miwili, na hata hiyo anaitoa kwa kufumba macho. Nikasema basi mimi nitakuwa nikija kuvichukua kila mwezi nimpelekee, kisha nikakumbuka kwamba sina tena cha kwenda nacho. Zahanati ya Merti ilikuwa imefungwa tangu mganga wake ahamishwe. Wanajeshi wa msafara hawakupokea vifurushi vya raia. Hawo kubaki Isiolo haikuwezekana, pasi ilikuwa inakwisha kesho yake, na kwenye lango walimhesabu kila jioni pamoja na wanawe.

Nesi alimpa vidonge katika kopo dogo la bati lenye kifuniko. Akaniambia nimtafsirie vizuri: kimoja kizima kila siku, asikose hata siku moja, akikatiza ugonjwa utarudi ukiwa mkali na dawa hii haitausikia tena. Nikatafsiri. Hawo akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Jumanne asubuhi msafara ulikuwa umepangwa, injini zinanguruma. Hawo alipanda peke yake, akaketi kiti chake nyuma ya Nanok. Nikakata tiketi, nikaandika jina lake na la baba yetu na la babu yetu. Alinipisha niketi kando yake, na hapo akafungua lile bati mapajani, akanionyesha. Jana yake jioni, nyumbani kwangu, alikuwa amekaa chini na wembe na kuvigawa vidonge vyote katikati, kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu mkubwa, na hakuna hata kimoja kilichovunjika vibaya.

"Nimepiga hesabu," alisema. "Nusu nusu, vinafika mwezi wa pili mwakani. Kufikia hapo basi itakuwa imerudi, si ndiyo?"

Alikuwa amefurahi kwa kazi yake. Alinitazama akingoja niseme kitu, na jeshi lilikuwa limeanza kupiga honi mbele, na mimi nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka. Nikafunika bati, nikamrudishia. Nikamwambia ndiyo, amefanya vizuri, ameze hivyohivyo.